Homa Imeshuka, Lakini Je, Dawa Imefanya Kazi?

Je, unaikumbuka klorokwini? Iwapo wewe ni kijana, pengine umelisikia jina lake tu, lakini hebu muulize mama yako. Atakusimulia jinsi ilivyokuwa chungu, na jinsi mwili ulivyowasha usiku kucha mtu akajikuna hadi ngozi ikachubuka.

Tuliivumilia kwa sababu iliponya. Kisha ikaanza kushindwa.

Dalili za kwanza kwamba viini vya malaria vimeizoea zilionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, Kenya haikuiacha hadi 1998, ilipogeukia dawa za SP ambazo wengi walizijua kwa jina la Fansidar. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2004 serikali iliamua kutumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ile ya vidonge 24 kwa mtu mzima, ambayo ilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2006.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Klorokwini ilichukua karibu miaka 20 tangu ishara ya kwanza hadi kubadilishwa. Huo ni muda mrefu mno kwa mzazi aliyekuwa akimpa mwanawe dawa isiyofaa.

Ndiyo maana dawa hupimwa hata baada ya kuingia madukani. Kazi hiyo hufanyika katika vituo vichache vilivyoteuliwa. Mtoto mwenye malaria, mzazi wake akikubali, humeza dawa muuguzi akimtazama, na akitapika hupewa tena. Kisha hurudi siku baada ya siku hadi ya tatu, halafu siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Kila mara hudungwa kidoleni, na damu yake hutazamwa kwa darubini.

Pengine unauliza, kwa nini siku 28 na homa ilishuka siku ya pili? Homa kushuka si hoja. Viini vichache vikisalia mwilini vinaweza kujificha wiki kadhaa kabla ya kuongezeka tena.

Lakini hapo pana fumbo. Mtoto wa Busia au Siaya anaweza kuumwa na mbu mwingine wiki hiyo hiyo. Utajuaje kama viini hivyo ni vya zamani au ni vipya? Tone la damu hukaushwa kwenye karatasi siku ya kwanza na siku ugonjwa unaporudi, kisha maabara hulinganisha vinasaba vya viini hivyo. Vikifanana, dawa ndiyo iliyoshindwa.

Shirika la Afya Duniani hushauri upimaji huu ufanywe angalau kila miaka miwili. Dawa ikishindwa kwa zaidi ya wagonjwa 10 katika kila 100, nchi hushauriwa kuibadilisha.

Na jambo hili si la historia. Rwanda, viini vyenye badiliko linalopunguza nguvu za artemisinini vilipatikana katika damu iliyokusanywa kuanzia 2014. Mwaka 2021 watafiti walieleza hali kama hiyo kaskazini mwa Uganda, na baadaye ikaonekana Kagera, Tanzania. Artemisinini ndiyo sehemu ya mseto inayoua viini haraka. Ikilegea, mzigo wote huiangukia dawa ya pili.

Labda unajiambia kwamba Nairobi haina mbu wa kutisha. Ni kweli malaria hapa ni haba, lakini Desemba tunapanda basi kwenda kwa nyanya, na Januari tunarudi na homa. Wapo wanaomeza vidonge siku moja, wakipata nafuu wakaweka vilivyosalia kabatini. Dozi ni siku tatu, tena baada ya chakula chenye mafuta kidogo.

Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993. Ilipojaribiwa tena huko mwaka 2005, iliponya karibu watoto wote waliopewa, ilhali SP iliyochukua nafasi yake ilishindwa kwa wengi. Bila akina mama waliorudi kituoni na watoto waliokwisha kupona, hakuna ambaye angelijua hilo.