Soda ya Marekani, soda ya Ulaya: kweli au si kweli?

Kwenye friji za maduka ya Kigali, soda za Bralirwa na juisi za Inyange hupangwa pamoja na makopo yaliyovuka bahari. Maneno nayo hayakosekani: ya Marekani ni sumu, ya Ulaya ni salama. Tuyapime.

“Namba yenye herufi E ni dalili ya hatari.”
SI KWELI. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Herufi E maana yake Umoja wa Ulaya umekiruhusu kiongezeo hicho. Viwango vya kimataifa vya Codex hutumia karibu namba zilezile, ila kwa herufi INS.

“Ulaya ni kali kuliko Marekani kwa kila kitu.”
SI KWELI. Siklamati (E952), ya kutia utamu, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969. Ulaya bado inaruhusiwa. Rangi nyekundu E122 nayo hairuhusiwi kwenye chakula Marekani. Rangi ya njano E102 inaruhusiwa kote kuwili, lakini tangu Julai 2010 Ulaya inataka lebo ionye kwamba huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Marekani inatosha kuandika jina lake, Yellow 5.

“Soda za Marekani zenye ladha ya machungwa hutiwa mafuta yenye bromini.”
ILIKUWA KWELI kwa baadhi. Mafuta hayo huzuia ladha isijitenge na kuelea juu. Ulaya hayaruhusiwi, na Marekani iliyafutia kibali Agosti 2024, ikawapa watengenezaji mwaka mmoja kuyaondoa.

“Kilichokataliwa Ulaya hakiwezi kuwa halali Afrika.”
SI KWELI. Mwaka 2007 shehena ya Fanta na Sprite kutoka Lagos ilikataliwa Uingereza, na kesi yake ikaamuliwa na Mahakama Kuu ya Lagos mwaka 2017. Ubishi mmoja ulihusu kihifadhi cha asidi ya benzoiki: Uingereza iliweka ukomo wa miligramu 150 kwa kilo, Nigeria 250. Chupa ileile ilikuwa halali bandari moja, haramu nyingine.

“Rwanda hufuata sheria za Marekani, ndiyo maana kuna FDA.”
SI KWELI. Kilichofanana ni jina tu. Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na viwango husimamiwa na Bodi ya Viwango ya Rwanda (RSB). Vingi ni vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na rejea yake kubwa ni Codex.

“Kinywaji kisicho na namba yoyote ni salama, kunywa utakavyo.”
SI KWELI. Sukari haina namba, kwa sababu Brussels na Washington zote huihesabu kuwa chakula, si kiongezeo. Chupa ya kola ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30, zaidi ya vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na 25 ikiwezekana. Anayesoma lebo akitafuta E pekee, hiyo itampita.