Trela la chozi: Wepesi pekee si usalama

TRELA dogo la kulala safarini, lenye umbo la tone la chozi, limekuwa likiundwa na mafundi wa nyumbani nchini Marekani tangu miaka ya 1930.

Umaarufu wake uliongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro yake.

Vipimo vyake vya kawaida, upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, vinalingana na plaiwudi moja nzima, hivyo upotevu wa mbao hupungua. Ndani hutosha godoro la watu wawili, na jiko huwekwa nyuma, chini ya mfuniko wenye bawaba.

Kuta hujengwa kwa fremu nyembamba za mbao zilizofunikwa plaiwudi nyepesi, ili hata gari dogo liweze kulivuta.

Hata hivyo, wepesi pekee haumhakikishii msafiri usalama. Maji na vyakula vikirundikwa jikoni, nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele hukosa uzito na trela huweza kuyumba likiwa katika mwendo kasi, hata kupinduka.

Kanuni inayofuatwa nchini humo ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa ielemee kiungo chake na gari. Kwa trela la kilo 400, hizo ni kilo 40 hadi 60.

Kiasi hicho hupimika kwa mizani ya kawaida ya nyumbani. Kikipungua, mizigo husogezwa mbele kabla ya safari kuanza.