Petro alipolala kwa mtengenezaji wa ngozi

Leo fungua Matendo ya Mitume 9:43, mstari mfupi ambao wengi tunauruka kwa haraka ya kufika kwa Kornelio. Hapo tunaambiwa kwamba Petro alikaa Yafa siku nyingi nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi.

Kwa Myahudi wa siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Torati ilimhesabu aliyegusa mzoga wa mnyama kuwa najisi hata jioni (Walawi 11:39), na Simoni alishinda na ngozi kila siku, pamoja na harufu yake. Ni darini kwa mtu huyo, si hekaluni, Petro alikofundishwa kutodharau kilichotakaswa na Mungu.

Mstari huu unanihusu. Baba yangu alikuwa fundi viatu hapa Tunduma, kando ya barabara iendayo mpakani. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori waliosubiri kuvuka kwenda Nakonde: leo kandambili, kesho mkanda, keshokutwa turubai lililochanika. Nilijifunza pembeni yake tangu nikiwa na miaka kumi. Mwaka 1999, Songwe ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, nikapata kazi ya kushughulikia nyaraka za mizigo. Nikaanza kuvaa tai. Siku moja nikapita na wenzangu pale kibandani, baba akaniita kwa jina. Sikugeuka. Mmoja akauliza, "Yule mzee unamfahamu?" Nikajibu kwamba ni fundi viatu tu.

Petro angenielewa. Naye aliwahi kuapa kwamba hamjui mtu aliyekula naye miaka mitatu. Na wewe, msomaji wangu, ni kibanda gani unachokipita bila kugeuka?

Nilishika sindano tena mwaka jana, baada ya miaka zaidi ya 20. Mfuko wangu wa Biblia ulikuwa umefumuka, nikaamua kushona mwingine mwenyewe, Jumamosi jioni baada ya shughuli. Nikapata kipande cha ngozi ngumu, ile inayotiwa dawa ya magome ya miwati, miti inayopandwa sana kule Njombe. Harufu yake ikanirudisha kibandani kabla sijakata chochote.

Mikono ilikuwa imesahau. Kama hujawahi kushona ngozi kwa mkono, uzi ni mmoja, unaupaka nta ya nyuki, na kila ncha ina sindano yake. Sindano zote mbili hupita tundu lilelile, moja ikitokea kulia na nyingine kushoto. Mshono mmoja ukikatika, iliyobaki inashikilia; wa cherehani ukikatika, huanza kufumuka wote. Lakini lazima uvute pande zote mbili kwa nguvu sawa. Mimi nilivuta kama mtu anayefunga mzigo juu ya lori, ngozi ikajikunja. Nilifumua mara tatu.

Majirani wakauliza nitauza bei gani. Huu ni mji wa biashara, ndugu yangu. Ukikaa barazani na kitu mkononi, watu wanataka kujua bei. Nikasema siuzi, najifurahisha tu. Nadhani walinihurumia kidogo.

Mfuko ulipokamilika nikaupeleka Vwawa, anakoishi baba sasa. Macho yake hayaoni vizuri. Nikamwamkia, nikamwekea mfuko magotini. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, tundu kwa tundu, mpaka mahali fulani akasimama.

"Hapa ulivuta sana."

"Ndiyo, baba."

Kisha nikamweleza habari ya siku ile kibandani. Nikasema kila kitu, pamoja na lile neno "tu." Nikamwomba anisamehe. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani ameshaisahau.

"Ulikuwa umevaa tai nyekundu," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Yeye akaendelea kuupapasa mfuko, akaugeuza, akanusa ngozi, akanirudishia.

"Nishonee mkanda, mwanangu. Utoboe matundu mengi, maana siku hizi napungua."