MASWALI MATATU YA SHULE NA MAJIBU YAKE



Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mitihani ya serikali inapokaribia, baadhi ya watoto huachishwa madrasa ili wapate muda wa kusoma shule. Sisi tunaona elimu hizi mbili hazigombani. Tumechagua maswali matatu yanayowatatiza wengi hapa Rasbura ili kuonesha jambo hilo.

Swali la kwanza: Kwa nini tunasahau tuliyoyasoma jana?

Kusahau si dalili ya ujinga. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mmoja wa waanzilishi wa saikolojia, alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichohifadhi hupotea ndani ya siku moja, kisha kusahau hupungua kasi. Pia aliona kwamba kurudia kwa kugawanya siku mbalimbali kunafaa kuliko kurudia mara nyingi siku moja. Hiyo ndiyo muraja'a tunayofanya kwa Qur'an kila siku. Basi mwanafunzi aichukue njia hiyo aipeleke shuleni: afunge daftari, ajiulize, ajibu bila kuchungulia, na arudie baada ya siku kadhaa. Kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani hakusaidii sana.

Swali la pili: Kwa nini bahari hujaa na kupwa?

Sababu kubwa ni mvutano wa mwezi juu ya maji ya bahari, na jua nalo huvuta kwa kiasi kidogo zaidi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ndipo tunapata bamvu. Katika robo ya mwezi, kila kimoja huvuta upande wake, ndipo maji huwa mafu. Kwa hiyo anayejua tarehe ya Kiislamu anaweza kukisia hali ya maji ya kuvukia Kitunda: kuanzia mwezi 1 na mwezi 15 ni bamvu, na karibu na mwezi 8 na 22 ni maji mafu.

Swali la tatu: Je, watu wa kusini waliwapokea Wajerumani bila kupinga?

Hapana. Wengi hutaja Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani tu. Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani na ushuru wake. Kampuni ilipoanza kazi Agosti, wakubwa wa miji walipoteza mamlaka, na wafanyabiashara, wakiwemo wa pembe na wa watumwa, waliona riziki yao inakatwa. Mwezi uliofuata, maofisa wawili wa kampuni waliuawa Kilwa, na wa Lindi na Mikindani walikimbia. Wajerumani waliirudisha Kilwa na Lindi mikononi mwao Mei 1890 kwa nguvu za jeshi. Hata hapo, Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kuwapinga hadi aliponyongwa Kilwa Kivinje Novemba 1895.

Hapa wengi hupoteza alama: Makunganya hakuwa kiongozi wa Majimaji. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905, karibu miaka 10 baada ya kifo chake.

Wazazi wetu, tunawaomba msiwatoe watoto madrasa kwa ajili ya mtihani. Wapangieni muda, wapunguzieni kazi za nyumbani siku hizo, na muwaulize kila jioni wamesoma nini. Mtoto anayeweza kukueleza somo kwa maneno yake mwenyewe amelielewa.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.