Kwa nini kipimo cha methadoni hakipunguzwi kwa haraka

Katika familia nyingi zenye ndugu aliyeanza tiba ya uraibu wa heroini, swali huja baada ya miezi michache tu: ataacha lini hiyo dawa ya hospitali? Wazazi wanaona kijana amenawiri, analala nyumbani na vitu havipotei tena, wakahesabu kuwa amekwisha kupona. Wakati mwingine mraibu mwenyewe humwomba daktari ampunguzie kipimo ili amalize mapema. Ombi hilo linaeleweka, lakini tafiti za hapa nchini na za mataifa mengine zinaonesha kuwa lina hatari.

Huduma ya methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011. Baadaye ilifika katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Msukumo wake mkubwa ulikuwa Virusi vya Ukimwi (VVU). Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, heroini nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi katika maji ilienea Dar es Salaam, na waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga. Tafiti zilizofuata jijini humo zilikuta zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga wakiishi na VVU, wakati kiwango cha taifa kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa asilimia 5.1 katika utafiti wa mwaka 2011/12.

Mwaka 2005 watafiti waliripoti kuwa baadhi ya waliojidunga jijini Dar es Salaam walivuta damu yao ndani ya sindano na kumpa mwenzao asiye na fedha ajidunge, kwa imani kwamba ingempunguzia arosto. Anayedhani kuwa mraibu hukosa tu nia ya kuacha atafakari arosto ni kitu gani hata mtu apokee damu ya mwingine kwa ajili yake.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini na kushika vipokezi vya ubongo vinavyohusika na maumivu, raha na upumuaji. Ubongo unaopokea dawa hiyo kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ikiwepo. Nguvu yake hupungua baada ya saa chache, na hapo ndipo arosto inapoingia: mifupa kuuma, tumbo kukata, jasho, kutapika, kukosa usingizi. Kwa sababu hiyo mraibu hutafuta kete mara tatu au nne kwa siku, na muda wa kazi au wa familia haubaki.

Methadoni hushika vipokezi hivyo hivyo, lakini huingia polepole kwa kunywewa na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kikombe kimoja mbele ya mfamasia kila siku hutosha kuzuia arosto, na kipimo kikiwa sahihi mgonjwa halewi. Jambo hili lilioneshwa jijini New York na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, ambao mwaka 1965 walichapisha matokeo ya wagonjwa 22. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kuhusu kipimo, tiba huanza na miligramu 20 hadi 30 kwa siku na kupandishwa taratibu, kwa kuwa wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari ya dawa kurundikana mwilini na kuzuia upumuaji, hasa mgonjwa akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Chini ya hapo arosto inaweza kurudi kabla ya kikombe cha kesho, na mgonjwa akarudi kijiweni.

Matokeo ya Muhimbili yanathibitisha hilo. Watafiti waliwafuatilia watu 629 walioandikishwa katika miaka miwili ya mwanzo ya huduma na kukuta asilimia 57 wakiwa bado kwenye tiba baada ya miezi 12. Waliopewa chini ya miligramu 40 waliacha tiba mara mbili au zaidi ya waliopewa vipimo vya kati na vya juu. Wanawake waliofika kliniki walikuwa wachache, lakini walidumu kuliko wanaume. Waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuacha. Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kupewa uzito kuliko inavyopewa, kwani inaonesha ushauri nasaha hauwezi kuwa nyongeza ya hiari katika kliniki hizi.

Kudumu katika tiba ni suala la uhai. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha zaidi ya watu 122,000 waliotibiwa kwa methadoni, ulikuta vifo takribani 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka walipokuwa kwenye tiba, na 36 walipokuwa nje yake. Anayeacha hupoteza uwezo wa mwili kuhimili dawa. Akirudia kiasi cha heroini alichokizoea zamani, anaweza kuacha kupumua.

Zipo pia sababu za kupandisha kipimo ambazo familia hudhani ni kuzidi kwa uraibu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liondoe methadoni upesi, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU hufanya hivyo pia. Mgonjwa aliyekuwa ametulia huanza kutoka jasho usiku na kulalamika. Anahitaji kuongezewa kipimo, kisha kipunguzwe amalizapo dawa ya kifua kikuu. Ndiyo maana ni muhimu mgonjwa aeleze kila kliniki dawa zote anazotumia.

Methadoni haitibu uraibu wa bangi, mirungi, kokeni au pombe. Hutibu uraibu wa dawa za jamii ya afyuni pekee. Mraibu wa vilevi hivyo vingine huhitaji tiba ya kisaikolojia, uangalizi wa kitabibu anapoacha pombe na, kwa baadhi, nyumba za upataji nafuu.

Anayetaka kuacha methadoni anaweza kufanya hivyo kwa kukubaliana na daktari, baada ya kutulia kwa muda mrefu, huku kipimo kikishushwa kidogo kidogo kwa miezi na kupandishwa tena iwapo arosto itarejea. Aliyekosa kikombe kwa siku tatu au zaidi hapewi kipimo chake cha awali mara moja. Huchunguzwa upya, kwani mwili wake huenda hauhimili tena kiasi hicho. Ndugu anayejua kuwa mgonjwa hakufika kliniki siku hizo anapaswa kumweleza mhudumu kabla kikombe hakijamiminwa.