Mizani ya Tisa

Anayesikia kwamba ubeti wa taarabu asilia ya Zanzibar kwa kawaida huwa na mistari mitatu, kila mstari mizani 16 zilizogawanywa nane kwa nane, tena vina kati na mwisho, huenda akamhurumia mtunzi. Maneno yametiwa pingu, moyo utasemea wapi? Mimi naona mizani ndizo zinazomtoa mtunzi kwenye malalamiko yake na kumfikisha kwenye wimbo. Tuseme kisa ni cha mwanamke aliyemlea mume tangu hana kitu, mume akaja kunyakuliwa. Mtunzi anaandika: “Mkungu niliupanda.” Nane, imekaa. Kipande cha pili kinamtoka kwa uchungu: “kivuli kimechukuliwa.” Tisa. Hiyo moja iliyozidi mwimbaji ataimeza vipi, na fidla zinamsubiri? Anafuta, anahesabu kwa vidole, anafuta tena, mpaka anafika kwenye “kivuli chake si changu.” Nane. Lakini tazama: mwizi ametoweka. Umebaki mti, kivuli, na mtu aliyesimama juani. Sasa hata mama aliyesahauliwa na mwanawe anaweza kuudai wimbo huo, na mkulima aliyefukuzwa shambani vilevile.

Ushahidi uko ukumbini. Msikilizaji huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na hangoji wimbo uishe. Hungoja ubeti wake. Wanawake wawili wanaweza kuinukia ubeti mmoja, kila mmoja na mbaya wake. Kanga nayo ni hivyo hivyo: jina lake limechapwa kiwandani kwa maelfu, ila anayeivaa ndiye ajuaye anamvalia nani.

Zipo hoja za kupinga, na nzito kuliko zote inatoka kwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad mwenyewe, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Katika wimbo wa Kijiti alimtaja muuaji kwa jina. Basi kumficha mtu kwa fumbo si woga tu wa watunzi? Sidhani. Kijiti alikwishatoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa; jina lile halikuwa siri kwa yeyote mjini. Uzito wa wimbo ulikuwa kwenye hukumu, na hukumu ya namna hiyo iliwagusa wengi wasiowahi kumwona Kijiti. Wengine watasema mipasho ya miaka ya 1990 ilivunja yote haya, watu wakapenda kuambiwa wazi. Ni kweli lugha ilikuwa kali, na sheria za vina zikalegezwa. Ila sikiliza vizuri anayepigwa kijembe anaitwaje. Mara nyingi anaitwa “wewe” tu. Neno lenye mizani mbili, na kila aliyemo ukumbini anaweza kugeuka kumtazama aliyeketi pembeni yake.