Nyayo Zilizolipeleka Daraja Mrama

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2000, wakazi wa London walifurika kwenye daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, kati ya kanisa kuu la St Paul's na jumba la sanaa la Tate Modern. Kuna wakati walikuwa juu yake watu 2,000 kwa mkupuo. Daraja likaanza kwenda mrama, kushoto na kulia. Watu wakashika vyuma vya pembeni, wengine wakasimama kabisa. Jumatatu likafungwa.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha askari wanaopiga kwata. Ni kweli, mwaka 1831 daraja la Broughton, karibu na Manchester, liliporomoka kikosi kikilivuka kwa mwendo wa pamoja. Lakini watu waliotoka kutembea siku ya kiangazi, wengine na watoto mabegani, hawapigi kwata. Nani aliwapangia hatua?

Tuanze na mguu. Mtu akitembea kawaida hupiga hatua kama mbili kwa sekunde. Kila hatua hukandamiza chini, na hilo wahandisi walilipigia hesabu vizuri. Ila mguu wa kulia huisukuma sakafu kidogo kwenda kulia, na wa kushoto huisukuma kwenda kushoto. Msukumo huo ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa chini, nao hujirudia mara moja kwa sekunde. Daraja lenyewe, lenye urefu wa mita 325 na kebo zilizolazwa chini ili zisizibe mandhari, lilikuwa na mwendo wake wa asili wa kuyumba: kati ya nusu mara na mara moja kwa sekunde. Vikakutana.

Hapo mwili ukazidisha mambo. Abiria aliyesimama kwenye daladala akakosa pa kushika hutanua miguu na kujikaza kila gari linapopinda. Darajani ni hivyohivyo, na kila anayejikaza huisukuma sakafu zaidi. Wakiwa wachache, daraja huimeza nishati hiyo. Wahandisi wa kampuni ya Arup walipolijaribu kwa kuongeza watu polepole, lilivumilia watu 156. Walipoongezwa kumi tu, mtikisiko ukapanda ghafla.

Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba watu walioanisha hatua kwanza, ndipo daraja likayumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Communications umeonyesha kwamba si lazima: kila mtu anaweza kutembea kwa mwendo wake na bado wote wakalinyima daraja uwezo wa kujituliza. Mimi naegemea huko.

Kulikaza kwa vyuma zaidi kungeliharibia wembamba wake, kwa hiyo likafungwa shokapu 37 kubwa zenye majimaji mazito, pamoja na vizito zaidi ya 50 vinavyoning'inia kwenye springi. Baadhi utaziona ukilitazama kwa chini, zimeshikwa na vyuma vyenye umbo la V. Lilifunguliwa tena Februari 2002.

Kinachonikera ni kwamba habari hizi hazikuwa ngeni. Mwaka 1975 daraja la bandari ya Auckland, New Zealand, liliyumba chini ya waandamanaji, na mwaka 1993 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi wa daraja lao lililofanya vilevile. Ila kanuni za ujenzi za Uingereza zilikuwa bado zinapima mtikisiko wa juu na chini tu.